Yatima Mwenye Mama

Athanase habandiki lebo juu ya lebo. Mwaka wa kumi na tisa huu tunasimama meza moja kwenye ghala la Washwood Heath, kazi yetu kupokea mizigo iliyorudishwa, na miaka yote hiyo hajabadilika: bandua kwanza, ndipo ubandike. Mimi hubandika juu. Ikifika saa nane mchana miguu inawaka moto, masanduku yamejaa mpaka mlangoni, nani ana muda wa kubandua? Yeye anao. Anaingiza ukucha pembeni, anavuta taratibu, karatasi ikikatika anakwenda kutafuta kisu, na mimi namngoja huku nimeuma meno.

"Mama Nunu," ananiambia, "skana itasoma zote mbili. Na ile sanduku itarudia tena kwetu."

Na kweli sanduku hurudi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ni mtu wa miaka sitini na sita, mrefu, mwembamba, anaishi Erdington na mkewe Dative. Alifika Birmingham kama mkimbizi kutoka Bukavu, mashariki ya Kongo. Ana adabu mpaka inachosha. Akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi. Kwenye foleni ya posta hupisha watu mpaka dirisha linafungwa. Mapipa ya taka yalipokaa wiki tano bila kuchukuliwa, aliiandikia halmashauri barua ya kurasa mbili iliyoanza na "Nina heshima kubwa", wakati mtaa mzima unanuka. Adabu hiyo, anasema mwenyewe, aliipata kwa Wajesuiti, wale mapadri wa Kikatoliki wanaojulikana kwa shule zao kali, waliomsomesha Bukavu. Mimi ni Muislamu wa Unguja, nilikuwa siwajui. Sasa nawajua kuliko nilivyotaka.

Kila tarehe mbili ya Mei, sikukuu ya mtakatifu Athanasi, huomba misa ya shukrani kanisani kwao. Anawashukuru Wajesuiti kwa kumwokoa babu yake, ambaye pia aliitwa Athanase. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema nikiwa usingizini. Babu alikuwa yatima wa Kibakongo, huko magharibi ya nchi, miaka mia na ishirini iliyopita, wakati Kongo ikiwa mali ya mfalme wa Wabelgiji. Mapadri walimwokota, wakamlisha, wakambatiza, wakamfundisha kusoma. Mwanawe akawa mwalimu akahamia Bukavu, na mjukuu akajua Kilatini. Hapo Athanase humalizia, "Bila ba Padri, mimi siko hapa." Mimi huitikia "naam" na kuendelea kufungua masanduku.

Mwaka jana kanisa lao likaamua kufanya maonyesho ya picha kuhusu wamisionari na ukoloni. Mwenyekiti wa kamati ni Bernadette, mwalimu mstaafu ambaye wazazi wake walitoka Ayalandi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana mtu mbaya angalau unajua pa kumshika. Walipata nakala za picha za zamani kutoka Ubelgiji, na katika mojawapo Athanase akamtambua babu yake. Baba yake alikuwa na picha hiyohiyo sebuleni Bukavu kabla vita havijachukua kila kitu. Ni watoto kumi na wawili wamesimama mbele ya kibanda cha udongo chenye msalaba, kila mmoja ameshika jembe. Babu ni wa tatu kutoka kushoto. Nyuma ya picha padri fulani ameandika kwa Kifaransa: mayatima wa shamba letu.

Bernadette alifurahi mno. Akamwomba Athanase maelezo, Athanase akatoa hadithi yake, akatia saini fomu. Machi ubao ukachapwa, mkubwa kama mlango. Chini ya picha, kwa herufi nene, maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu: "Babu yangu alikuwa yatima. Mapadri walimwokoa." Athanase akaupiga picha, akaituma Lubumbashi kwa shangazi yake, Jeanne, mwenye miaka tisini na moja. Jeanne ni binti wa mwisho wa yule babu, na ndiye pekee aliyebaki.

Jibu lilikuja kwa sauti, dakika kumi na moja. Athanase alinisikilizisha siku ya pili kazini, kila mmoja na spika moja ya simu sikioni.

"Athanase," ilisema ile sauti, kavu kama ya mtu anayemkaripia mtoto, "orphelin ni nani? Mama yake alikuwa anakuja kila siku ya soko, na chikwangue ku mikono, anasimama inje ya lupango. Papa yangu aliniambia yeye mwenyewe, nikiwa namupikia. Orphelin iko na mama?"

Orphelin ni yatima, chikwangue ni mkate wa muhogo unaofungwa kwenye majani, na lupango ni kiwanja chenye uzio. Mengine niliyaelewa bila msaada. Baba wa yule mtoto alikuwa amekufa, hiyo ni kweli. Lakini kwa Wabakongo mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wake ni mjomba. Mama alikuwepo, mjomba alikuwepo, nyumba ilikuwepo. Serikali ya mfalme ilikuwa imewapa wamisionari haki ya kuwachukua watoto wasio na mwenyewe, na mapadri walikuwa na mashamba yao, kila shamba na kikanisa chake, yanayotaka mikono ya kulima. Basi walipofika kijijini waliuliza swali moja tu: baba yuko wapi? Wakaonyeshwa kaburi. Hawakuuliza la pili. Mtoto akapelekwa shambani kulima, na hakuruhusiwa kurudi kwao mpaka alipokuwa mtu mzima wa kuoa. Siku za soko mama alikuja na mkate, katekista, mwalimu wa dini pale shambani, akaupokea, akamfukuza. Baada ya miaka kadhaa hakuja tena, na mtoto hakuambiwa kwa nini.

"Kwa nini babu hakuwaambia wanawe?" nilimuuliza Athanase.

Akasogeza mbele ile sauti. Shangazi alikuwa amelijibu swali langu kabla sijaliuliza. Wavulana walihitaji shule, na shule ilikuwa ya mapadri. Ukitaka mwanao aingie, unasema asante. Yeye Jeanne hakupelekwa shule, alibaki jikoni, ndiyo maana aliambiwa ukweli.

Kisha akatoa amri. Hataki misa, wala hataki pole. "Ile neno itoke. Mutume picha, nione na macho yangu mbele sijakufa."

Nami, kwa kujifanya najua, nikamwambia Athanase kwamba kwetu sisi Waislamu mtoto aliyefiwa na baba ni yatima hata kama mama yu hai, kwa hiyo labda lile neno si kosa sana. Aliweka chini kisu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nilimwona amekasirika.

"Na kwenu, yatima ananyang'anywa mama yake?"

"La," nikasema. "Anaachiwa mama yake, na ukoo unamtunza."

"Basi."

Nikachukua lebo nyingine ya kubandika, na safari hii ile ya zamani niliibandua kwanza.

Kubadilisha mstari mmoja chini ya picha moja. Ungenieleza kwamba jambo hilo linaweza kuchukua wiki tatu na lisifanyike, ningekuona unatania. Athanase aliniomba niende naye, kwa sababu akikasirika Kiingereza kinamkimbia, kinabaki Kifaransa na Kilatini. Safari ya kwanza Bernadette alitukaribisha ukumbini na chai na biskuti. Alisikiliza hadithi yote. Machozi yakamlengalenga, akamshika mkono, akasema asante kwa kutushirikisha jambo zito namna hii. Tukatoka nje. Tulipofika kwenye gari ndipo nilipogundua kwamba hajasema kama atabadilisha au habadilishi.

Safari ya pili ilikuwa mkutano wa kusikilizana. Viti sita kwa duara, mshumaa katikati, na jiwe la mtoni. Mwenye jiwe ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Athanase alipopewa jiwe alisema sentensi mbili kwa Kiingereza chake kilichonyooka: babu yangu hakuwa yatima, mama yake alikuwa hai. Naomba mbadilishe maandishi. Wakafumba macho kwa dakika moja ya ukimya. Kisha mmoja akasema amesikia maumivu. Mwingine akasema na yeye amesikia maumivu. Jiwe likazunguka mpaka likanifikia mimi, nikasema sina maumivu, nina swali, mtabadilisha au hamtabadilisha? Bernadette akatabasamu kwa upole, akasema huu si wakati wa majibu. Nikatamani kulirusha lile jiwe dirishani.

Majibu yalikuja kwa barua pepe. Ubao umeshachapwa, na ufunguzi ni Jumamosi. Maandishi ya nyuma ya picha yanasema mayatima, na kamati haina haki ya kugeuza ushahidi wa kihistoria. Zaidi ya hayo, maneno yaliyo ubaoni ni ya Athanase mwenyewe, ambayo aliyathibitisha kwa saini, fomu imeambatanishwa. Hata hivyo kamati inathamini sana safari yake ya moyoni, na inamkaribisha aandike hisia zake kwenye jani la karatasi ya kijani na kulitundika kwenye Mti wa Majonzi utakaosimama karibu na meza ya chai.

"Jani," nilisema. "Mzee, wanakupa jani."

"Ni mimi njo nilisema, Mama Nunu. Ni kinywa yangu, na saini ni yangu."

"Ulisema ulichoambiwa. Si umesema umekosea? Kuna nchi gani mtu hawezi kusema amekosea?"

"Banasikia vizuri sana," akasema, akikunja ile barua mara nne. "Bote banasikia. Hakuna mwenye anaandika."

Nilichoka naye, nakwambia kweli. Nilichoka na kamati, lakini yeye alinichosha zaidi. Ukoo umedhulumiwa miaka mia na ishirini, na bado yeye anakunja barua vizuri aitie mfukoni. Nilimwambia aende akapige kelele. Akasema Dative amemwambia hivyohivyo, na kwamba yeye kupiga kelele hajui, hakufundishwa. Tukarudi mezani.

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya mchana, wenzetu wote wamekwenda kula, nikamkuta amesimama mbele ya mashine ya kuchapa lebo. Lebo yetu ya mizigo iliyorudi ina sehemu tatu. Ya kwanza, kilichoandikwa. Ya pili, kilicho sahihi. Ya tatu, kimetoka kwa nani. Alikuwa amejaza ya kwanza: yatima. Ya pili: mtoto mwenye mama na mjomba. Ya tatu ilikuwa tupu, na mashine ikawaka taa nyekundu, kwa maana mashine yetu haikubali nafasi tupu. Akabonyeza tena. Nyekundu.

"Andika chochote," nikamwambia. "Andika Kongo."

"Hapana. Ametoka kwa mama yake. Jina yake sijui."

Akampigia Jeanne palepale, simu ikiwa wazi mezani kati ya masanduku. Alimuuliza jina la yule mama. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia uwanjani kwake huko Lubumbashi.

"Hakuna mutu aliniuliza ile jina," alisema Jeanne. Safari hii sauti haikuwa ya kukaripia. "Hata siku moja. Nsona. Aliitwa Nsona."

Athanase aliliandika herufi moja moja. Taa ikawa kijani.

Ndipo Jasvir akatokea, msimamizi wetu, na sandwichi mkononi. Akauliza lebo hii ni ya mzigo gani, maana namba haipo kwenye orodha. Mwingine angesema uongo. Athanase, kwa adabu yake ile, akamweleza kila kitu toka mwanzo, babu, shamba, soko, kamati, jani. Akamwonyesha picha ya ubao. Jasvir aliitazama muda mrefu huku akitafuna. Mwishowe akasema tumekosea karatasi. Akafungua kabati, akatoa roli ya lebo kubwa za mizigo inayokaa nje kwenye mvua, akasema chapeni kwa hii, hiyo nyingine inabanduka. Kisha akaondoka zake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ule mti wa karatasi ulikuwepo, watu wakitundika majani yao na kwenda kuchukua keki. Mgeni rasmi alikuwa Mjesuiti mstaafu kutoka Ubelgiji, mzee wa fimbo, aliyekuja kusoma sala ya kuomba msamaha. Athanase alivaa suti yake ya Jumapili. Tulisimama mbele ya ubao, mimi nimemkinga mgongoni kama mtu anayemlinda mwizi.

"Bandika juu ya yale maneno," nikamnong'oneza. "Funika yote. Hapa hakuna cha kubandua, imechapwa."

Aliyatazama maneno yake mwenyewe, yale mazito ndani ya alama za kunukuu. Akaivua lebo ngozi yake ya nyuma, akainama, akaibandika chini yao. Hakufunika hata herufi moja. Akailaza kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni, kama afanyavyo kila siku, isiwe na mapovu ya hewa.

"Mzee," nikasema kwa hasira zote za wiki tatu, "skana itasoma zote mbili."

"Ndiyo," akasema. "Isome zote mbili. Baone nilisema, kisha baone nilikosa."

Bernadette alifika kabla hatujasogea. Akasoma, akawa mwekundu, akauliza nani ameweka. Athanase akasema ni yeye, na akamsalimia. Bernadette akaingiza ukucha kwenye kona ya lebo, akavuta. Akajaribu kona nyingine. Ile roli ya Jasvir imetengenezwa ikae kwenye mvua ya Birmingham mwaka mzima, haikujua ukucha wa mtu. Watu wakaanza kugeuka. Nikamwambia kwa upole, dada, utaumia kidole.

Yule padri mzee naye akasogea na fimbo yake. Alivaa miwani, akasoma maneno ya ubaoni, akaanza kusoma lebo, akasimama katikati. Akamgeukia Athanase na uso umemshuka.

"Nasikitika sana," akamwambia kwa Kifaransa, nami maneno hayo nayajua.

"Asante, Padri," alijibu Athanase. Kisha kwa Kiingereza, ili wote waelewe: "Lakini hujafika mwisho. Tafadhali soma mpaka chini."

Mzee akainama tena. Alisoma kilichoandikwa, akasoma kilicho sahihi, akafika kwenye sehemu ya tatu, na akalitamka lile jina kwa sauti, mara moja, vibaya kidogo. Athanase akamsahihisha. Padri akalirudia, sawasawa. Bernadette alikuwa ameacha kukwangua. Hakuna aliyesema kwamba amesikia maumivu.

Picha ilikwenda Lubumbashi jioni ileile. Jeanne alirudisha sauti ya sekunde nne tu: "Nimeona. Sasa Mei, usirudie tena ku misa na ile merci," yaani ile asante ya kila mwaka.

Lebo iko palepale mpaka leo. Kamati imekutana juu yake mara mbili, na nasikia watakutana tena.

Mwisho wa Aprili tulipitia kanisani kutoka kazini, maana yeye ndiye anayenipa lifti na mimi sina la kufanya ila kungoja. Paroko alikuwa mlangoni na daftari lake la misa, kalamu tayari. Mwaka wa kumi na ngapi sijui huu, anaijua nia ya Athanase kwa moyo. Akaanza kuandika bila kuuliza: shukrani, kwa mapadri.

"Hapana, Padri," akasema Athanase. "Samahani. Futa kwanza."

Paroko akafuta. Athanase akamtajia jina, akamtajia na herufi zake. Paroko akauliza huyu ni nani, na kama ni marehemu, kwa sababu marehemu wana ukurasa wao.

"Ni mama ya babu yangu. Leo, ndiyo, ni marehemu," akasema Athanase. "Siku ile walipomwandika mtoto wake yatima, alikuwa hai."

Nilikuwa nimesimama pale nimechoka, miguu inawaka, nataka kwenda nyumbani. Lakini nilimwona paroko kwa macho yangu. Alifungua ukurasa wa marehemu, akaandika: Nsona.